Pikipiki kutoka Uingereza kwenda Ubelgiji: feri au treni ya chini ya bahari?

Kuna kaka wa Birmingham kaniuliza swali, nalifupisha maana meseji yake ilikuwa ndefu: "Mkuu, mimi na wife tunataka kwenda Brussels mwezi wa nane na pikipiki, Honda CB500X. Jumamosi kuna harusi ya mdogo wangu, alafu tutabaki kama wiki tuzunguke. Mimi mtu wa Mombasa nina pasi ya Uingereza, wife ni wa Mwanza na bado ana pasi ya Tanzania. Yeye hataki hata kusikia habari ya meli, na mimi naogopa pikipiki itaangukia huko chini. Washkaji wananiambia treni ni dakika 35 tu hakuna cha kufikiria, lakini nikiangalia bei naona feri iko chini. Nipande nini?"

Kaka salaam, na shem msalimie sana. Jibu langu: kwenda pandeni treni, na muondoke Alhamisi sio Ijumaa. Kurudi ningekushauri feri ya usiku ya Uholanzi, kama shem atakubali. Ila hizo dakika 35 ndo sababu dhaifu kuliko zote, na nataka tuanzie hapo maana hapo ndo watu wengi wanapiga hesabu vibaya.

Dakika 35 ni muda wa treni kutoka Folkestone mpaka Coquelles pale nje ya Calais, basi. Kabla ya hapo kuna kuchekiwa tiketi, kuna ukaguzi wa usalama, kuna pasipoti ambazo polisi wa Ufaransa wanazikagua upande wa Uingereza kabla hujapanda, na mwezi wa nane shule zimefungwa nusu ya nchi iko njiani na watoto na hema juu ya gari. Kwahiyo mimi nawaambia watu wafike saa moja na nusu mpaka masaa mawili kabla. Feri ya Dover kwenda Calais inatembea kama saa moja na nusu, ya Dover kwenda Dunkirk kama masaa mawili, na bandarini nako unatakiwa ufike mapema vilevile, ukishafika ng'ambo kuna kusubiri mlango ufunguliwe na mikanda ifunguliwe. Ukijumlisha yote toka nyumbani mpaka barabara ya Ubelgiji, treni inakuokolea saa moja na kidogo. Na ukishukia Dunkirk unakuwa umeshasogea, Brussels iko kama kilomita 160 wakati kutoka Calais ni kama 200.

Sasa hiyo saa moja iangalie kwa macho ya mtu wa pikipiki. Birmingham mpaka Folkestone ni kama kilomita 310 na M25, ile barabara ya kuzunguka London, iko katikati, alafu ukivuka bado zile 200. Hakuna mtu anayeendesha zaidi ya kilomita 500 na abiria nyuma bila kupumzika vizuri, na kama yupo simshauri mtu amuige. Kwenye feri mapumziko yamo ndani ya safari, unavua buti, unakula chakula cha moto ukiwa umekaa kwenye kiti, mgongo unanyooka. Kwenye treni hakuna viti, gari lake mtu anakaa ndani ya gari, wewe wa pikipiki unasimama pembeni ya chombo chako au unakaa chini sakafuni, choo kipo lakini mgahawa hamna. Kwahiyo mtu wa treni itabidi asimame mahali njiani apumzike nusu saa, dakika arobaini, na ile saa aliyoiokoa imeshaondoka. Ndo maana nikisikia mtu anasema treni ni haraka namuuliza haraka ya kufika wapi, na kufika ukiwa kwenye hali gani.

Basi kwa nini nakwambia kwenda panda treni? Kwa sababu ya shem, na kwa sababu ya harusi.

Nianze na shem. Mtu wa Mwanza akisema hataki meli usimcheke na usimsukume. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu kabisa na Mwanza ikiwa imebeba watu kupita kiasi, mamia wakafa, na makaburi ya Igoma yapo mpaka leo. Alafu 2018 mwezi wa tisa ikaja MV Nyerere pale Ukara, imebakiza kidogo tu ifike. Familia za kanda ya ziwa nyingi zina mtu wao kwenye moja ya hizo. Hofu yake ina msingi na anastahili kusikilizwa kwa heshima sio kuambiwa "hii ni Ulaya". Ukweli mwingine ambao anaweza kuupima mwenyewe ni kwamba hapa Ulaya nako walijifunza kwa vifo. Tarehe 6 Machi 1987 feri iliyoitwa Herald of Free Enterprise ilitoka bandari ya Zeebrugge ikielekea Dover milango ya mbele ya magari ikiwa wazi, maji yakaingia sakafu ya magari, ikapinduka ndani ya dakika chache, watu 193 wakafa. Nahodha hakuwa na njia ya kujua pale juu kwamba mlango haujafungwa. Baada ya hapo ndo zikaja sheria za taa za kumwonyesha nahodha hali ya milango na sheria kali zaidi za meli kuhimili maji yakiingia, na leo abiria wote wanahesabiwa na kuandikwa kabla meli haijaondoka. Kwahiyo meli za sasa za Dover ni kitu tofauti sana na zile zilizomuumiza. Lakini mtu haponi hofu kwa kusomewa sheria, na safari ya harusi sio mahali pa kumfanyia majaribio.

Na kuna jambo ambalo watu hawalifikirii, vidonge vya kichefuchefu cha bahari. Vingi vinavyouzwa famasi bila cheti vinaleta usingizi. Mtu wa gari anakunywa, anavuka, analala kiti cha nyuma mpaka Brussels hakuna shida. Abiria wa pikipiki akilala ni hatari kubwa, anaacha kukushika, kichwa kinaegemea upande mmoja, ukiingia kona uzito wake unakwenda kusikotakiwa, na wewe huwezi kumwona. Kwahiyo kama shem anachafukwa na bahari, feri ya mchana ikifuatiwa na kilomita 160 za barabara kuu ni mpango mbaya hata bahari ikiwa imetulia. Na wewe mwendeshaji usiviguse kabisa kama unaendesha siku hiyo.

Muulize pia kama ana shida na sehemu zilizofungwa, maana wapo watu meli hawaiogopi lakini handaki hawaliwezi. Mweleze lilivyo. Lilifunguliwa tarehe 6 Mei 1994, lina urefu wa kilomita 50 na nusu hivi, na kama 38 kati ya hizo ziko chini ya bahari. Mashimo yako matatu sio moja, mawili ya treni, kila moja mwelekeo wake, na katikati kuna dogo la huduma na uokoaji ambalo hewa yake inawekwa kwa msukumo mkubwa zaidi ili moshi usiingie, na kila mita 375 kuna mlango wa kukimbilia huko. Moto umewahi kutokea, 1996, 2008 na 2015, yote ilianzia kwenye treni za malori ambazo ni tofauti na hizi za magari madogo na pikipiki, na hakuna aliyekufa. Mwezi wa nane 2022 treni moja ya magari ilikwama ndani na abiria wakatembea kwa miguu kwenye lile shimo la huduma mpaka kwenye treni nyingine, masaa yakapita mengi na watu walichoka kweli, ila walitoka wote salama. Ndani kuna taa, huoni maji, unasikia masikio yanaziba kidogo kama kwenye ndege, na kabla hujamaliza stori moja mwanga wa Ufaransa umeingia.

La pili ni harusi. Upepo ukiwa mkali pale Dover feri zinachelewa au zinasimama kabisa, treni upepo hauihusu. Treni nayo ina magonjwa yake, hitilafu za umeme, na Desemba 2023 mgomo wa wafanyakazi upande wa Ufaransa uliifunga kwa masaa watu wakiwa wanaelekea Krismasi. Ndo maana nasema Alhamisi. Kikiharibika kitu, kutoka kituo cha Folkestone mpaka bandari ya Dover ni robo saa ukiwa na pikipiki, unakwenda unanunua tiketi pale, na pikipiki moja huwa haikosi pa kubanwa hata feri ikiwa imejaa magari. Huo ni uhuru ambao mwenye gari hana, utumie. Ijumaa ukikwama unafika harusini usiku wa manane suti imekunjamana.

Sasa hofu yako wewe, pikipiki kuanguka. Nakuelewa, umekulia Mombasa umeona Likoni bodaboda zinaingia zinasimama tu mwenyewe kashika hendeli mpaka ng'ambo. Mkondo wa bahari ya Uingereza hauko hivyo. Melini huruhusiwi kubaki na chombo, ukishakifunga unapanda juu na sakafu ya magari inafungwa mpaka mfike. Kwahiyo kufunga ndo kila kitu, na nitakueleza hatua kwa hatua kwa ajili ya kurudi.

Unaingia kwa rampu ya chuma, mara nyingi imelowa na ina mafuta ya malori. Ukiwa juu ya chuma hicho usishike breki ya mbele, usizidishe gesi ghafla, pita wima kwa mwendo mmoja, kama unataka kupunguza tumia ya nyuma kwa upole. Mabaharia watakuonyesha pa kusimama, kawaida pembeni ya ukuta ambapo kuna pete au reli za kufungia. Angalia chini kabla hujaweka mguu maana hizo pete zinatokeza juu na buti inakwama. Weka stendi ya pembeni, sio stendi ya kati, meli ikiyumba pikipiki iliyoko kwenye stendi ya kati inaweza kusogea mbele ikashuka. Weka gia ya kwanza. Bana breki ya mbele kwa mpira au kamkanda ka velkro uliokuja nako, gurudumu lisiweze kuzunguka hata kidogo. Alafu mkanda mkubwa unapita juu ya kiti, na hapa ndo pa kuwa makini, lazima uivute pikipiki kuelekea upande wa stendi, yaani uzito ulalie stendi, ukiufunga upande mwingine unaiinua stendi na wimbi la kwanza tu inalala. Chini ya mkanda weka kitambaa kizito, taulo la zamani, melini wanakupa kipande cha godoro au blanketi ambacho mara nyingi kina mchanga na kinakwangua kiti. Kaza mpaka shoki zishuke kidogo, zisibane mpaka mwisho. Mkanda usipite juu ya maboksi ya pembeni wala usivute kwenye hendeli peke yake. Mabaharia wengi wanafunga wenyewe na wanajua kazi, lakini kama hujaridhika sema kwa adabu, au ongeza wako, mimi nabeba miwili yangu kila safari. Zima alamu, la sivyo mtikisiko wa meli utaiwasha italia mpaka betri iishe. Piga picha namba ya sakafu na rangi ya ngazi uliyopandia. Alafu chukua unachohitaji, pasi, dawa, simu, jaketi, maana kurudi chini katikati ya safari hakuna.

Ukifanya hivyo pikipiki inafika salama, meli za njia hizi zinabeba pikipiki nyingi sana kila msimu.

Treni ni rahisi zaidi kwa upande huu. Ukifika Folkestone, toka M20 kwenye makutano ya 11A, kwenye vibanda kamera inasoma namba ya gari kwa mbele, na pikipiki ya Uingereza haina namba mbele, kwahiyo ingiza namba ya bukingi mwenyewe au nenda kibanda chenye mtu. Wanakupa karatasi yenye herufi, hiyo ndo treni yako, unasikilizia inapoitwa. Pikipiki mnawekwa foleni yenu na mara nyingi mnapakiwa mwisho. Unaingia kwa ubavu wa behewa alafu unaendesha ndani ya treni yenyewe, kupita behewa mpaka behewa, ni pembamba na pembeni kuna kingo zilizoinuka, sakafu ya chuma, siku ya mvua kuwa mwangalifu pale unapovuka kizingiti cha milango ya moto. Mfanyakazi atakuonyesha usimame mshazari, stendi ya pembeni, gia ya kwanza, zima injini. Hakuna kufunga mikanda. Unabaki na pikipiki yako, mkono juu ya kiti kama roho haijatulia, treni inafika kilomita 140 kwa saa lakini inaondoka taratibu na inasimama taratibu, haina mawimbi. Shem anaweza kuvua helmeti akakaa. Kwa mtu mwenye hofu yako hii peke yake inatosha.

Bei nayo usiiangalie haraka. Treni inauza kwa chombo, wewe na shem bei moja. Feri nyingine zinahesabu na kichwa cha abiria, kwahiyo weka watu wawili kwenye fomu kabla hujalinganisha. Zote mbili zinapanda na kushuka kwa saa na siku, asubuhi mapema na usiku ni nafuu, Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi ni ghali. Na treni huwa wana tiketi za siku chache zilizo rahisi kuliko za kukaa muda mrefu, sasa nyie mnakaa wiki na mnarudi na feri, kwahiyo tafuta za kwenda tu kila upande ulinganishe na ya kwenda na kurudi.

Makaratasi, na hapa ndo nakuomba usiende haraka kaka. Wewe na pasi ya Uingereza unaingia bila viza siku 90 ndani ya 180, ila pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 na ibakize miezi 3 baada ya siku unayotoka. Shem anahitaji viza ya Schengen hata kama ana ukaazi wa Uingereza, kuolewa na Mwingereza hakumsaidii tena kwenye hilo toka Uingereza itoke Umoja wa Ulaya. Aombe Ubelgiji kwa sababu ndo mnakokaa muda mrefu zaidi, sio Ufaransa eti kwa sababu mnapita hapo. Maombi yanafunguliwa miezi 6 kabla na mwisho ni siku 15 kabla, lakini msifike huko, kwa mwezi wa nane miadi inaisha mapema sana. Ada ni euro 90, na bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Ukaazi wake hapa siku hizi ni wa kidijitali, zile kadi ziliisha mwisho wa 2024, kwahiyo hakikisheni akaunti yake imeunganishwa na pasi anayosafiria, maana kama alibadilisha pasi na hakusasisha, shida itamkuta wakati wa kurudi, na kule hakuna wa kumsaidia haraka. Na toka 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza kuingiza mfumo mpya wa kusajili sura na alama za vidole mpakani badala ya kugonga muhuri, unaongeza foleni, ongeza muda.

Kuna kitu hapa kinachohusu uchaguzi wenyewe. Folkestone na Dover Wafaransa wanakagua pasi kabla hujavuka. Kama kuna tatizo la viza unalijua ukiwa bado Kent, upande wa Uingereza, na unarudi nyumbani. Njia nyingine, kama Harwich kwenda Uholanzi au Portsmouth na Newhaven kwenda Ufaransa, uhamiaji wa Ulaya unakutana nao ukishashuka ng'ambo. Kwa mtu anayesafiri na viza kwa mara ya kwanza napenda akaguliwe upande huu, roho inatulia mapema. Hiyo ni sababu nyingine ya kwenda kwa treni.

Upande wa pikipiki: kadi ya usajili yenyewe sio kopi, leseni kamili, cheti cha bima. Kadi ya kijani ya bima ile ya karatasi haihitajiki tena Ulaya toka Agosti 2021, ila piga simu bima uwaulize mambo matatu, je kinga yako kamili inaendelea nje au inashuka mpaka ile ndogo ya kumlipa mtu wa pili, je abiria wa nyuma yumo, na siku ngapi. Alama ya nchi siku hizi ni UK, ile ya GB haikubaliki tena toka Septemba 2021. Ufaransa glavu zenye alama ya CE ni sheria toka 2016, kwako na kwa abiria, na vesti ya kung'aa iwepo. Ubelgiji wanataka glavu, jaketi la mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vinavyofunika kifundo, kwahiyo shem asije na raba za chini hata kama kuna joto. Vidude vya masikioni Ufaransa ni marufuku.

Na kwa vijana wanaosoma hapa wanaopiga delivari na 125 na vibao vya L vya mwanafunzi, nasema hili kwa mapenzi: cheti cha CBT, yale mafunzo ya awali ya pikipiki, kinaishia Uingereza. Ukivuka nacho huna leseni, na bima yako haina nguvu. Fanyeni mtihani kamili kwanza, Ulaya itawasubiri.

Chakula: najua shem atataka kubeba sambusa za nyama za harusini. Nyama na maziwa, pamoja na vyote vilivyotengenezwa navyo, havivuki kutoka Uingereza kwenda Ulaya, vitatupwa. Na toka Aprili 2025 kurudi nako huwezi kuleta nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe wala jibini. Chapati tupu na visheti visivyo na maziwa pitisheni.

Kurudi sasa. Harusi imeisha, mmezunguka, hakuna saa inayowakimbiza. Hapo ndo feri ya usiku kutoka Hoek van Holland kwenda Harwich inapata maana. Kutoka Brussels ni kama kilomita 165, mnapita Antwerp na Rotterdam bila haraka, jioni mnapanda, usiku kabini ni lazima kwahiyo mna kitanda na bafu, na asubuhi mko Uingereza. Harwich mpaka Birmingham ni kama kilomita 270 kwa A14 na M6, huioni M25 kabisa. Linganisha na kurudi Calais, kilomita 200, alafu 310 za upande huu, mwili wote umechoka na wiki ya kuzunguka na bado unatakiwa kukumbuka kurudi kuendesha kushoto. Ajali nyingi za mtu aliyetoka safari hazitokei mlimani, zinatokea karibu na nyumbani akili ikiwa imeshafika. Na kwa shem, mtu aliyelala chali kwenye kitanda hachafukwi sana kama aliyekaa au aliyesimama, na kama atakunywa kidonge usiku ana masaa ya kukilalia kabla hajapanda nyuma. Omba kabini ya katikati ya meli na sakafu ya chini chini kadri inavyowezekana, hapo panayumba kidogo kuliko mbele au juu.

Lakini hilo aamue yeye, sio wewe. Muulize kule kule Brussels au kabla, akisema hapana, ni hapana, mnarudi na treni na hamjapoteza kitu zaidi ya usingizi mmoja. Treni ya saa nne asubuhi kutoka Calais inafika Folkestone saa tatu na dakika 35 kwa saa ya Uingereza, mnapata siku nzima ya kwenda nyumbani polepole, mkilala usiku wa mwisho karibu na Calais badala ya Brussels.

Wengine mlioniuliza kwa kifupi: mtu wa Leeds au Newcastle asijisumbue kushuka Kent, Hull ina feri ya usiku kwenda Rotterdam na Newcastle inayo ya kwenda IJmuiden karibu na Amsterdam. Anayekwenda Paris bila haraka Newhaven kwenda Dieppe ni masaa 4 na barabara ya kule ni nzuri sana kwa pikipiki. Anayekwenda Hispania aangalie Portsmouth au Plymouth kwenda Santander, ni siku nzima baharini na bei inashtua, ila kutoka Calais mpaka Santander ni zaidi ya kilomita 1,200, weka petroli, tairi, ushuru wa barabara za Ufaransa na hoteli usiku mmoja au mbili, utaona mwenyewe.

Kwako kaka mpangilio ni huu: viza ya shem kwanza, na omba ianze siku chache kabla ya Alhamisi na iishe siku chache baada ya kurudi. Ikitoka ndo unanunua treni ya Alhamisi, asubuhi ya katikati, sio ya alfajiri maana itabidi muamke saa saba usiku. Darajani Dartford pikipiki hailipi, pita tu, ila ukiwa juu upepo wa pembeni upo na shem akukumbatie vizuri. Simameni Maidstone au karibu na hapo mle, mjaze mafuta, kisha Folkestone. Ukitoka kwenye treni Coquelles fuata A16 kuelekea Dunkirk, hakuna ushuru mpaka Brussels, kaa kulia, na kwa kilomita za mwanzo mwambie shem akugonge bega kila mkifika mzunguko, mara mbili akiona unaangalia upande usio sahihi.